Bomba la Grisi Lililobaki na Mkia Nje

Ijumaa, baada ya Asri.

Shajara yangu, joto la leo limeingia Garissa likakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Upepo hakuna. Feni ya dukani inazunguka na kunirudishia joto lile lile la jana. Nimevua viatu, nimeweka nyayo juu ya saruji, na ninaandika haya kwenye simu kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa sababu dole gumba la mkono wa kulia lina grisi.

Sitaki kuifuta. Bado.

Juu ya rafu ya mikanda ya injini, upande wa kushoto ukiingia, kuna msumari mrefu. Kwa miaka saba umening'iniza kitu kimoja tu: bomba la grisi la marehemu baba yangu, Aabo, Mungu amrehemu. Tangu saa moja iliyopita msumari huo hauna kitu. Nimeutazama mara nyingi kuliko nilivyomtazama mteja yeyote leo.

Kwa wewe uliyeangukia blogu hii kwa bahati: naitwa Sahra, nauza vipuri vya malori na vya pampu za maji. Ndiyo, mimi mwanamke. Wateja wapya huingia, hunitazama, kisha hutazama mlango wa nyuma wakimsubiri mwenye duka atoke. Huwa nawaacha wasubiri. Wakichoka, tunaanza biashara.

Kitu kinachorudishwa zaidi dukani kwangu ni bomba la grisi. Mtu huja amekunja uso, analitupa juu ya kaunta, anasema nimemuuzia takataka. Amejaza grisi, amepiga mkono mpaka bega limemuuma, na mdomoni hakitoki kitu. Mimi sigombani naye. Namuuliza swali moja tu: umetoa hewa? Ananitazama kana kwamba nimemuuliza jina la bibi yake.

Na bomba lenyewe si kitu cha ajabu. Ni mrija wa chuma, unene wa mkono wa mtoto. Ndani mna kizibo cha mpira kinachosukumwa na springi, na nyuma inatokeza fimbo ambayo Aabo aliiita mkia. Ukivuta mkia mpaka mwisho springi inajikunja, na unaukwamisha mkia kwenye mkato wake usirudi. Unafungua kichwa, unajaza grisi, unarudisha kichwa, unaachia mkia uende zake ndani. Hapo springi inasukuma grisi mbele. Kila ukipiga mkono, kichwa kinachukua tone dogo na kulikamua kwa nguvu kupitia mdomo, mpaka kwenye kile kichuchu ambacho mafundi hukiita nipo, mpaka ndani ya beringi.

Tatizo ni kwamba grisi si maji. Ukiijaza kwa kijiti unafungia mifuko ya hewa katikati yake, na daima inabaki hewa nyingine juu, chini ya kichwa. Hewa haikusaidii kitu. Unaibana, inabanika, unaiachia, inarudi ilivyokuwa, na wewe unatoka jasho la bure. Kwa hiyo lazima kwanza uitoe. Watu wazima wenye leseni za malori makubwa hawajui hili, na mimi nililijua kabla sijajua kusoma.

Aabo alikuwa mtu wa injini kwenye kisima cha mashine, upande wa Tarbaj. Watu walimwita hivyo, mtu wa injini, utadhani mama yake hakumpa jina. Injini ilikaa ndani ya kibanda cha mabati, ikazungusha mkanda, mkanda ukazungusha kichwa cha pampu pale juu ya kisima, na maji yakapanda. Kwenye kichwa hicho cha pampu kulikuwa na beringi mbili. Maisha yetu yote yalizunguka juu ya beringi hizo mbili, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Wakati wa kiangazi mifugo ilinyweshwa kwa zamu. Kila familia ilikuwa na siku yake, iliyopangwa na wazee, na watu walitembea siku tatu nne ili wafike kwenye birika, lile hodhi la kunyweshea, siku hiyo hiyo. Pampu ikisimama siku yako, huwezi kumwambia mwenye siku ya kesho akupishe, maana ngamia wake nao wana kiu. Unasubiri mzunguko mzima. Nimeona mwanamume mzima amekaa chini kando ya birika kavu, amejifunika uso kwa shuka, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Aabo alimwona pia. Tangu siku ile akawa mtu wa kuamka na grisi.

Alijaza bomba kila asubuhi baada ya Swala ya alfajiri, kabla jua halijalegeza kila kitu. Alikaa juu ya jiwe moja bapa nje ya kibanda. Mimi nilishika mkebe. Alikuwa na kijiti cha mgunga alichokichonga kikawa bapa kama ulimi, akichota kidogo, akishindilia pembeni, akigonga kitako cha bomba juu ya kiganja ili grisi ishuke, akichota tena. Ilikuwa kazi ya kuudhi kwa mtoto. Nilitaka ajaze yote kwa mara moja kama mtu anayepakua uji, na yeye aliendelea tu na michoto yake midogo.

Alipofika juu kabisa aliweka kijiti chini na kusawazisha uso wa grisi kwa dole gumba, mzunguko mmoja, kisha akalikandamiza katikati. Kwa nini katikati, sijui. Sikumuuliza. Kulibaki kishimo kidogo chenye mistari ya kidole chake.

Kisha kichwa. Na hapa ndipo wateja wangu wote hukosea. Aabo hakukikaza. Alikizungusha mpaka kikashika, akakiachia kama nusu mzunguko kikalegea. "Usimkabe kabla hajapumua," alikuwa akisema, kwa Kisomali, kwa ile sauti yake ya chini. Aliachia mkia, na huku anapiga mkono polepole alikuwa akiusukuma mkia kwa kiganja, kuisaidia springi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya tano, kimya. Halafu hewa inapenya kwenye nyuzi za skrubu za kichwa kilicholegea na kutoa sauti ndogo, tof, kama mtu aliyeachia kokwa ya tende kutoka mdomoni. Baada yake inafuata grisi. Hapo ndipo alipokaza kichwa, akatazama uzi mweusi unaotoka mdomoni mwa bomba, na kusema, "Haye. Amepumua." Haye ni "sawa" ya kwetu.

Nilipenda sauti ile. Nilikuwa nikizuia pumzi zangu nikiisubiri.

Nikisema habari za grisi, lazima niseme habari za mkia wa kondoo, maana bila hiyo utadhani baba yangu hakuwahi kukosea.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha mpaka barabara ikawa ziwa. Malori yalizama kwenye tope huko Wajir na hakuna kilichofika kwetu, si sukari, si dizeli, si grisi. Ungedhani mvua ikinyesha watu hawahitaji kisima, lakini mvua ile ilikuwa kusini. Kwetu tuliona mawingu tu yakipita. Grisi ilikwisha. Beringi zikaanza kulia. Aabo alikaa juu ya jiwe lake na bomba tupu mapajani, na Hooyo, mama yangu, akamtazama kwa muda, kisha akaenda ndani akatoka na sufuria ya mafuta ya mkia wa kondoo.

Fikiria kwa akili ya watu wetu na utaona si wazo la kijinga. Mafuta yale ndiyo tuliyolainishia ngozi, kamba na vyombo vya maziwa. Asubuhi na baridi ya alfajiri yalikuwa meupe, magumu, mazuri kuliko grisi yenyewe. Wazee wa zamu ya siku ile waliyatazama wakatikisa vichwa vya kukubali. Mmoja akasema kitu chochote kinacholainisha ngozi ya ngamia hakiwezi kushindwa na chuma. Aabo alijaza, akatoa hewa, akapiga. Beringi zikanyamaza. Watu walimsifu Hooyo hadharani, naye akajifanya hasikii.

Ilipofika saa nne jua likaamka sawasawa.

Mafuta yaliyeyuka yakaanza kushuka kwenye kichwa cha pampu kama machozi. Chuma kilikuwa cha moto, kwa hiyo yakaanza kukaangika. Kisima kizima kikanuka sikukuu. Mbwa watatu, ambao hatukujua wanatoka wapi, walikuja wakakaa mbele ya kibanda kwa adabu, na chungu wakapanga mstari kutoka kwenye mgunga mpaka kwenye pampu. Kufika adhuhuri beringi zililia vibaya kuliko mwanzo, na Aabo akazima injini kwa mkono wake mwenyewe.

Alifungua kila kitu akakiosha kwa dizeli kidogo iliyobaki. Siku ya pili akaenda na punda mpaka kwenye lori moja lililokwama, mwendo wa siku nzima, akamwomba dereva amkwangulie grisi kutoka kwenye mkebe wake wa akiba. Alirudi na kiasi cha kujaza kikombe. Hooyo hakulizungumzia jambo lile miaka mingi, mpaka uzeeni, ambapo Aabo akimwona anakata mkia wa kondoo alikuwa akimwambia, "Usiweke wote kwenye sufuria, injini nayo haijala." Na Hooyo, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka.

Ninawakumbuka wote wawili leo. Moyo umejaa mpaka naona aibu.

Na kuna kitu kimoja zaidi cha asubuhi zile, ambacho nataka ukishike maana nitakirudia. Aabo alikuwa mtu wa swala tano, na grisi ni adui wa udhu. Ikibaki kwenye ngozi, maji hayafiki, na udhu haujatimia. Kwa hiyo kabla ya kila swala alinawa kwanza kwa tone la mafuta ya simsim, akasugua kwa jivu na mchanga laini, akachokoa kila ukucha kwa mwiba wa mgunga, akasuuza, akanusa vidole, na kama kulibaki harufu alirudia. Ndipo akatawadha. Mara tano kwa siku, mtu wa injini. Hakuna mtu pale kisimani aliyekuwa na mikono iliyosuguliwa kama ile.

Hatimaye wakaja watu wenye sola. Pampu mpya ikazamishwa chini kabisa kwenye maji, haina mkanda, haina injini, haihitaji grisi ya mtu. Hooyo alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nikamleta Aabo hapa Garissa, akaja na begi moja, msahafu wake, na bomba limefungwa ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimeshafungua duka. Alikaa nyuma kwenye kivuli cha ukuta, na kila Alhamisi alilitoa bomba lile, akalisafisha, akalijaza. Pampu ya kupaka haikuwepo. Alipaka bawaba za milango yangu. Alipaka mikokoteni ya punda inayobeba maji kutoka mtoni, na wenye mikokoteni walijua siku yake, wakapitia nyuma ya duka. Punda wa Garissa hawajawahi kuvuta magurudumu mepesi kama ya miaka ile.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijaliandika popote.

Ilikuwa Alhamisi. Jioni ile walikuwa wanakuja wazee wa upande wa kijana aliyemposa binti yangu mkubwa. Watu wa ofisini, watu wa magari safi, na mimi nilikuwa nimehangaika siku tatu na zulia, udi na vikombe. Nikatoka nyuma ya duka nikamkuta Aabo ameketi na mkebe wazi, kijiti mkononi, macawis yake, ile nguo ya kiunoni, ina madoa, na mikono myeusi mpaka kwenye vifundo.

Nilikuwa nimechoka. Hiyo si sababu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia, "Aabo, leo pia? Wageni watakuona na mikono hiyo ya uchafu?"

Hakukunja uso. Aliitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya. Akasema, "Haye." Akasawazisha grisi, akaweka kichwa, akakizungusha mpaka kikashika, na hakuachia mkia. Hakupiga mkono. Hakusubiri sauti. Akaingia dukani, akalitundika kwenye msumari na mkia wake nje, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu sana. Jioni ile mbele ya wageni alikaa na mikono yake chini ya shali, na mkubwa wa wageni alipompa mkono, Aabo aliutoa wake kwa kusitasita, safi kama wa mtoto.

Alhamisi iliyofuata hakulishusha bomba. Wala iliyofuata hiyo. Nilijiambia amezeeka, ameacha tu. Kisha homa ikamshika, na kabla ya mwezi kuandama tulikuwa tumemzika.

Mimi nauza mabomba haya, shajara. Mtu mwingine angeingia dukani angeona chuma kikuukuu kimetundikwa. Mimi kila asubuhi nikifungua mlango niliona mkia uko nje, na nilijua maana yake: kuna mtu alijaza, akakatizwa kabla ya kumaliza. Nilijua pia ni nani aliyemkatiza. Wateja wengine walinyoosha mkono wakitaka kuusukuma mkia ndani kwa mchezo, na niliwafokea mpaka wakaogopa. Wanasema yule mama wa vipuri ana hasira. Kweli ninazo.

Leo ni Ijumaa. Mji ukishafunga kwa Swala ya Ijumaa, maduka mengi ya vipuri hayafungui tena mpaka Jumamosi. Mimi hufungua baada ya Asri, kwa ajili ya malori yanayoondoka jioni kwenda Wajir. Nilikuwa nimekaa tu, napepea uso kwa kipande cha boksi, akaingia mwanamume wa makamo, mrefu, amejitanda kitambaa begani, vumbi mpaka kwenye kope. Akajitaja kuwa Adan, mtu wa pampu kwenye kisima kimoja upande wa Bute. Alikuwa amemleta mama yake hospitalini, na mama alikuwa na nafuu, alhamdulillahi. Lakini kwao wamempigia simu. Yeye hakuzoea sana Kisomali chetu, maana kwao Kiborana ndicho kinachotawala, na mimi Kiborana sijui, basi tukakutana kwenye Kiswahili.

"Eedo," akasema, kwa heshima ya shangazi, ingawa hatupishani sana umri, "bampu inalia siku tatu. Bomba ya grisi iliazimwa na lori, imeenda nayo Moyale. Nipatie moja. Lori yangu inatoka saa hii."

Sikuwa nalo. Asubuhi nilikuwa na mabomba mawili na yote mawili yalichukuliwa na watu wa mabuza, yale malori ya tangi la maji. Nikamwambia arudi kesho. Akaniambia lori halimsubiri kesho, na Jumapili ni zamu ya ukoo wa mama yake. Wameshaondoka malishoni na ngamia. Hawarudi nyuma, hawana simu, wanatembea kuja. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, huku macho yake yakipita kwenye rafu moja baada ya nyingine, na mwisho yakafika kwenye msumari.

"Ile je?"

"Ile haiuzwi."

"Imeharibika?"

Ningeweza kusema ndiyo, imeharibika, na angeondoka. Neno moja tu. Nikafumbua mdomo nilitamke, na nikamwona yule mwanamume kando ya birika kavu, shuka usoni. Ningependa kukuambia kwamba Adan alitoka kwenye kisima kile kile cha Aabo, ingependeza kusimulia, lakini hapana, ni kisima kingine kabisa, mbali kule kaskazini. Kiu tu ndiyo ile ile.

"Haijaharibika," nikasema. "Haijamaliziwa."

Nikapanda juu ya kreti nikalishusha. Lilikuwa zito. Kwa namna fulani nilikuwa nimesahau kwamba lina kitu ndani. Nikalifuta vumbi kwa pindo la mtandio, nikafungua kichwa polepole ili nione kama grisi ya miaka saba bado inafaa au imekuwa jiwe.

Ilikuwa laini. Mafuta kidogo yalikuwa yamejitenga pembeni, rangi imekolea, basi. Na katikati, kwa sababu mkia haukuachiwa na springi haikuisukuma grisi hata siku moja, kulikuwa na kishimo cha dole gumba. Na mistari yake. Yote, mmoja mmoja, kama alivyoiacha Alhamisi ile.

Sikulia. Nilikaa juu ya kreti, bomba mapajani.

Adan alinyoosha shingo kutazama. Nadhani alifikiri nimeona kasoro. Nje lori likapiga honi mara moja, kisha mara mbili.

Nilifikiria kuichota. Kuna mkebe wa samli mtupu pale chini ya kaunta. Ningeweza kuhamisha grisi yote mle, nikampa Adan bomba tupu na mkebe mpya akajaze mwenyewe. Lakini alama ya kidole haihamishiki. Kijiti kikiingia tu, imekwisha. Na hata kama ingehamishika, ningeihifadhi ya nini? Aabo hakuijaza ili mtu aitazame. Aliijaza ili iingie kwenye kitu kinachozunguka, na mimi ndiye niliyemzuia.

Nikaweka dole gumba langu kwenye kishimo chake. Liliingia likabakiwa na nafasi. Nililiacha pale kwa muda wa pumzi tatu hivi, kisha nikalitoa, nikaweka kichwa, nikakizungusha mpaka kikashika, nikakilegeza nusu.

"Njoo uangalie," nikamwambia Adan, "maana wengi hamjui hapa." Akainama. Nikaachia mkia. Springi ilikuwa imekaa imejikunja miaka saba na haikusitasita. Nikaanza kupiga mkono, huku kiganja kikiusukuma mkia. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Adan akafumbua mdomo aseme kitu, nikamnyamazisha kwa jicho.

Ile hewa iliyofungwa katikati ya grisi, shajara, haikuwa ya leo. Ilikuwa ya Alhamisi ile. Aliifungia yeye, nyuma ya duka, mimi nimesimama mbele yake na ulimi wangu mkali. Ilikuwa hewa ambayo yeye pia aliivuta.

Tof.

Sauti ndogo sana. Nilikuwa nimezuia pumzi zangu bila kujua.

Grisi ikafuata kwenye nyuzi, nikakaza kichwa, nikapiga mara mbili tatu mpaka uzi mweusi ukatoka mdomoni, mzito, haukatiki. Nilitaka kusema yale maneno mawili ya Aabo, lakini nikampa Adan bomba mkononi hivyo hivyo. Nikampa na mkebe mpya, nikamwambia ile iliyomo ndani aimalize kwanza kwenye beringi ya juu, kisha aendelee na mpya, na asikilize pampu kwa sikio, asipige mpaka ikafurika.

Akauliza atalirudisha lini. Nikamwambia asilirudishe. Asiliazimishe malori ya Moyale, basi. Akacheka, akasema walahi hata ndugu yake hatamwazima, akaniombea dua ndefu kuliko muda aliokuwa nao, akakimbilia lori. Nilimwona akipanda na bomba kalikumbatia kifuani, mkia ndani.

Watalala njiani, na kesho kutwa, Mungu akipenda, watakuwa Bute.

Nimekaa hapa tangu wakati ule. Sijui nitundike nini kwenye msumari, au niuache hivyo hivyo. Nimetafuta moyoni ile hasira ambayo wateja wananiogopea, na sijaipata mahali pake pa kawaida. Pengine kesho itarudi. Wateja wa Jumamosi wanajua kuichokoza.

Muadhini anajaribu kipaza sauti. Maghribi imefika. Nimelitazama dole gumba langu muda wote huu nikiandika, na nimelisogeza mbali na kila kitu, mbali na nguo, mbali na simu, kama mtu anayelinda kidonda. Hiyo grisi ndiyo yote iliyobaki kwake. Lakini maji hayafiki kwenye ngozi yenye grisi, na hilo ni yeye aliyenifundisha.

Nimeshaweka tone la simsim kwenye kiganja. Jivu liko kwenye kikombe. Nitasugua kama alivyosugua, ukucha kwa ukucha, ninuse, nirudie.

Aabo, nisamehe. Mikono yako ilikuwa safi.